Kuvaa kwa Haki kwa Pesa Ndogo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Tanga

Majibu haya ni ya mtu anayeishi Tanga mjini au jirani zake, Muheza, Pangani, Korogwe, ambaye fungu lake la nguo ni dogo lakini hapendi nguo yake iwe imetokana na dhuluma, wala hapendi iishie jalalani baada ya miezi mitatu. Tumeanza na ya msingi, yale yasiyoulizwa sana yako chini. Jambo lililokwisha kuelezwa halirudiwi. Namba ya swali lake imetajwa.

## Ya msingi

1. Kuvaa kwa haki ni nini hasa? Si mambo ya wenye pesa hayo?

Ni kujiuliza mambo mawili kabla ya kutoa pesa: aliyeishona alitendewaje, na nguo itaishia wapi. Tarehe 24 Aprili 2013 jengo la Rana Plaza, huko Savar karibu na Dhaka, Bangladesh, liliporomoka na kuua watu zaidi ya 1,100. Wengi wao walikuwa washonaji wa viwanda vilivyouza nguo Ulaya na Amerika ya Kaskazini. Nyufa zilionekana siku moja kabla, na bado wafanyakazi waliamriwa kuingia kazini. Nguo ikiwa rahisi mno, kuna mahali gharama yake imebebwa na mtu mwingine.

Mwenye kipato kidogo ana nafasi kubwa hapa kuliko anavyodhani. Anayelivaa shati moja miaka sita, akalipeleka kwa fundi kola ilipochakaa, ametenda zaidi ya anayenunua kila mwezi nguo yenye cheti cha ubora. Mpangilio tunaoushauri ni huu: vaa kwanza ulichonacho, kisha tengeneza kilichoharibika, kisha azima. Ukishindwa hapo, nenda kwenye mtumba au kwa fundi. Nguo mpya ya dukani iwe ya mwisho, na mara nyingine ni lazima (tazama swali la 9).

2. Mtumba si ndio ulioua viwanda vyetu? Inakuwaje mnausifu?

Ulichangia, lakini haukuwa peke yake. Baada ya Uhuru nchi ilijenga viwanda vya nguo kama Urafiki cha Dar es Salaam kilichoanza mwaka 1968, Mwatex cha Mwanza na Mutex cha Musoma. Biashara ilipofunguliwa katika miaka ya 1980 mtumba ulimiminika, wakati huohuo mitambo ilikuwa imechakaa, umeme hautabiriki, na nguo mpya za bei ya chini kutoka Asia zikaingia. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki waliazimia kuuondoa mtumba ifikapo 2019. Wafanyabiashara wa mitumba wa Marekani wakalalamika, na nafuu ya ushuru chini ya AGOA, mpango wa Marekani wa kupokea bidhaa za Afrika bila ushuru, ikawa hatarini. Tanzania, Kenya na Uganda zikalegeza. Rwanda ikashikilia msimamo, na mwaka 2018 nafuu hiyo ikasitishwa kwa nguo zake.

Kwa mtu mmoja aliye Ngamiani na shilingi elfu tano mkononi, mtumba mzuri bado ni chaguo la haki: nguo imekwisha kutengenezwa, haihitaji pamba mpya wala mafuta mapya ya kutengenezea poliesta, na faida inabaki kwa mchuuzi wa mtaani. Ubaya uko kwenye belo lenyewe. Mchuuzi hulinunua bila kuona ndani, na kilichochanika au chenye doa ni hasara yake, kisha kinakuwa taka yetu. Kwa hiyo ukichagua shati zuri lililopoteza kifungo kimoja, umeokoa nguo ambayo wengi wangeiruka.

3. Nguo mpya ya elfu kumi na mtumba wa elfu kumi, kipi nafuu?

Gawanya bei kwa idadi ya siku utakazoivaa. Tuseme blauzi mpya ya elfu kumi ni poliesta nyepesi, ikavaliwa mara ishirini kabla ya kufumuka: kila uvaaji umekula shilingi 500. Shati la pamba la mtumba la bei hiyohiyo, ukalivaa mara moja kwa wiki kwa miaka miwili, ni chini ya shilingi 100. Ongeza gharama ya fundi ukijua utaihitaji. Hesabu hii inakataa pia nguo nzuri isiyo na pa kuvaliwa, hata kama ni ya mia tano.

4. Lebo za vyeti zina maana yoyote?

Zina maana, ila si zote zinasema jambo moja. GOTS inahusu pamba iliyolimwa bila viuatilifu vya kemikali na masharti ya kiwandani. Fairtrade inahusu zaidi bei na maslahi ya mkulima. OEKO-TEX Standard 100 inapima kemikali zenye madhara kwenye nguo yenyewe tu. Haikuambii mshonaji alilipwaje. Na maneno ya nchi ilikotengenezwa yanataja mahali iliposhonwa, si pamba ilipolimwa: pamba ya Simiyu au Shinyanga inaweza kusafirishwa, ikafumwa kwingine na kurudi ikiwa na jina la nchi nyingine. Kwenye mtumba usiongeze pesa kwa ajili ya cheti. Soma lebo ili ujue aina ya nyuzi.

## Kununua mtumba

5. Nikague nini kabla ya kulipa?

Ichukue hadi kwenye mwanga wa jua. Chini ya turubai la buluu rangi zote hudanganya na doa la jasho halionekani. Kisha inyanyue uione dhidi ya mwanga: palipoisha panapitisha mwanga kuliko penginepo. Kwenye suruali angalia mapajani kwa ndani na makalioni, kwenye shati viwiko na mkunjo wa kola, kwenye gauni kwapani.

Igeuze ndani nje. Mishono iwe ya karibu na iliyonyooka, na kitambaa kilichobaki pembeni mwa mshono kiwe angalau sentimita moja. Kikiwa chembamba kuliko hapo, fundi hatakuwa na pa kushika siku ukitaka ipanuliwe. Vuta mshono wa makalio kwa mikono miwili. Uzi ukionekana kama ngazi, umelegea, lakini huo unashonwa tena kwa dakika tano. Kitambaa chenyewe kikianza kuachana pembeni mwa mshono, acha.

Zipu ifunge na uifungue mara tatu. Zipu mbovu si sababu ya kuacha nguo nzuri, mradi umekwisha kuuliza bei ya fundi kuibadilisha. Lasitiki ivute karibu na sikio: ikitoa mlio wa kukatikakatika, imekufa. Ya kiunoni hubadilishwa, lakini suruali ya jinzi ya kuvutika iliyochomoza nyuzi nyeupe nyembamba mapajani haitengenezeki. Nyuzi hizo ni mpira wake uliokatika.

Mwisho inuse kwapani. Vumba la stoo hutoka kwa kufua (swali la 8). Jasho la zamani kwenye poliesta huonekana limetoka, likarudi mara tu mwili unapopata joto, kwa sababu nyuzi hizo hushika mafuta ya mwili.

6. Lebo imekatwa. Nitajuaje kama ni pamba?

Sokoni, ikunje kwenye ngumi kwa sekunde kumi uiachie. Pamba na kitani hubaki na mikunjo mikali, poliesta hurudi ilivyokuwa. Mchanganyiko huwa katikati, na si mbaya kwa sare au suruali ya kazi.

Nyumbani, chomoa uzi mmoja kwenye pindo la ndani, ushike kwa kibano juu ya sahani ya udongo, uuwashe. Pamba huwaka kama karatasi, inanuka karatasi na kuacha jivu laini la kijivu. Viskosi, nyuzi zinazotengenezwa kwa massa ya mti, nayo hufanya vivyo hivyo, ila ikilowa hulegea sana na huchanika kirahisi. Poliesta hujikunja, huyeyuka na kuacha shanga ngumu nyeusi, kwa hiyo usiiguse ikiwa moto. Sufu na hariri hunuka nywele zilizoungua.

Kwa joto la Tanga wakati wa kaskazi tofauti hii inahisiwa mwilini. Pamba hunyonya jasho. Poliesta huliacha juu ya ngozi, na kila ifuliwapo huachia vipande vidogo mno vya plastiki ambavyo kwa mji wetu huelekea baharini.

7. Hakuna pa kujaribia. Nitajuaje kama itanitosha?

Usitegemee namba ya saizi. Kumi na mbili ya Uingereza ni nane ya Marekani na arobaini ya nchi nyingi za Ulaya, na nguo ikishafuliwa mara nyingi hupungua. Chukua nguo yako inayokukaa vizuri, ilaze, pima kifua kutoka kwapa hadi kwapa, bega hadi bega na kiuno. Andika kwenye simu, nenda na futi kamba. Ile njia ya kuzungusha kiuno cha suruali shingoni inakaribia tu, na hukosea zaidi kwa mwenye tumbo. Bega likikataa, acha, kwa sababu zilizo kwenye swali la 13.

8. Mtumba una wadudu na magonjwa. Niusafishe vipi?

Ufikishe nyumbani kwenye mfuko uliofungwa, usiutupe kitandani. Pamba nyeupe na ya rangi imara iloweke kwenye maji ya moto na sabuni ya unga kwa nusu saa, ifue, isuuze mara mbili, ianike juani. Nguo isiyovumilia maji ya moto ifue kwa maji ya vuguvugu, ikikauka ipige pasi ndani na nje, hasa kwenye mishono, maana kunguni na mayai yao hujificha humo. Joto ndilo linaloua. Kuilundika ndani ya sabuni usiku kucha kunachujisha rangi bila faida.

Vumba lisipotoka, mara ya pili loweka dakika thelathini kwenye sehemu moja ya siki na nne za maji, kisha fua kwa sabuni.

Kuna wasiwasi wa kuswalia mtumba pia. Asili ya nguo ni tohara mpaka najisi ijulikane, na ukishaifua kama hapo juu suala la usafi limekwisha. Mwenye shaka zaidi amuulize shehe wa msikiti wake.

9. Na nguo za ndani je?

Nunua mpya. Shirika la Viwango Tanzania, TBS, limepiga marufuku uingizaji wa nguo za ndani zilizotumika, na sababu ya afya ni ya kweli. Chagua pamba, mbili au tatu nzuri kuliko pakiti ya kumi. Lasitiki huishi zaidi zikifuliwa kwa mkono bila jiki na kuanikwa penye upepo.

10. Viatu vya mtumba vinabomoka soli baada ya wiki moja. Kwa nini?

Soli nyingi nyepesi za raba na buti ni za plastiki yenye povu inayoozeshwa na unyevu wa hewani, hata kiatu kisipovaliwa. Kiatu kimekaa stoo miaka, kikaja kwenye unyevu wa pwani, unakivaa soli inamong'onyoka. Bonyeza soli kwa ukucha: ikiacha shimo lisilorudi, au ikinata, acha. Kunja kiatu katikati uangalie nyufa. Soli ya mpira mzito au ya ngozi iliyoshonwa ni salama zaidi, na fundi viatu anaweza kuibadilisha. Kwa matembezi ya kila siku, katambuga za matairi hudumu kuliko raba nyingi, na zinatengenezwa hapahapa kwa kitu ambacho kingechomwa.

## Kanga, kitenge na fundi

11. Kanga na kitenge kipi kitadumu?

Kwanza shika kitambaa bila kuangalia ua. Kikisuguliwa kwa vidole kikatoa unga mweupe na kulegea, kilikuwa kimekazwa kwa wanga, na kikifuliwa kitakuwa chachi. Kiangalie dhidi ya mwanga: nyuzi ziwe zimebanana. Kwenye kitenge geuza upande wa pili. Rangi ikiwa karibu sawa pande zote, imeingia ndani. Ikiwa upande wa nyuma ni mweupe, ua limechapwa juu juu na litapauka mapema. Uliza pia kama ni pamba, maana siku hizi zipo za poliesta zenye rangi za kuvutia ambazo hazifai mbeleko wala nepi, kazi ambazo kanga ya pamba hurithi ikizeeka.

Rangi ikichuja mara ya kwanza, ifue peke yake na uisuuze mpaka maji yawe meupe. Chumvi na siki haviizuii rangi iliyozidi isitoke. Inatakiwa itoke yote, isije ikaingia kwenye kanzu nyeupe.

12. Ninunue kitambaa kiasi gani?

Kwa kitenge cha upana wa kawaida, shati la mikono mifupi la mtu mzima hutaka yadi mbili hadi mbili na nusu, gauni la kawaida tatu hadi nne. Pisi ya yadi sita hutoa gauni na kilemba, na kinachobaki hutosha nguo ya mtoto. Doti moja ya kanga hutosha gauni pana la nyumbani. Kabla ya kumpelekea fundi, loweka kitambaa cha pamba kwenye maji usiku mmoja, anika, piga pasi. Kinaweza kurudi sentimita tatu hadi tano kwa kila mita, na ni heri kirudi kabla ya kukatwa.

13. Fundi anaweza kurekebisha nini, na nini hawezi?

Kupunguza ubavu, kufupisha mikono na miguu, kubadilisha zipu na kukaza kiuno ni kazi ndogo. Nguo kubwa kwa saizi mbili hupunguzwa bila kuharibika. Ikizidi hapo mifuko na kwapa huhama mahali pake. Bega ni gumu, maana mkono lazima ufumuliwe wote na ukatwe upya, na gharama hupita bei ya mtumba wenyewe. Kupanua kunategemea kitambaa kilichoachwa ndani. Suruali nyingi rasmi za kiume zina akiba nyuma kiunoni, ya kutosha kuongeza sentimita tatu hivi.

Kazi moja imesahaulika na inafaa irudi: kugeuza kola. Kola ya shati huchanika mkunjoni wakati shati lote bado zima. Fundi hufumua mshono unaoishika kola kwenye ukosi, akaigeuza upande uliochanika uende chini, akashona tena. Shati linapata miaka mingine.

Mwambie atumie sindano inayolingana na kitambaa: namba 11 kwa nyepesi, 14 kwa kitenge, 16 kwa jinzi. Sindano nene kwenye kitambaa chepesi huacha matundu, na nyembamba kwenye jinzi huruka mishono.

14. Je, kumwomba fundi apunguze bei ni dhuluma?

Kupatana bei ni desturi yetu na hakuna ubaya. Dhuluma ni kupatana kisha kuchukua nguo kwa ahadi, au kumletea kazi siku mbili kabla ya Idi akakesha kwa bei ya kawaida. Hatuwezi kusikitikia washonaji wa Dhaka na kumkopa wa Makorora. Lipa nusu unapoacha kitambaa, nusu unapochukua. Peleka nguo za Idi mapema, kabla hata Ramadhani haijaandama. Ukiwa na marekebisho madogo, yakusanye matano au sita uyapeleke pamoja: yeye hubadilisha uzi mara chache, na wewe unapata punguzo lisilomuumiza.

## Kutunza nguo pwani

15. Nguo nyeupe zinageuka kijivu ingawa nazifua sana.

Mara nyingi ni maji ya kisima yenye chumvichumvi. Sabuni ya mche ikikutana nayo haitoi povu, hugeuka utando unaoganda kwenye nyuzi, na kila ufuaji unauongeza. Tumia sabuni ya unga, ambayo huvumilia maji hayo zaidi, na kwenye suuzo la mwisho tia nusu kikombe cha siki kwa ndoo ya lita ishirini. Wakati wa masika kinga maji ya mvua kwa ajili ya nguo nyeupe. Kuongeza sabuni kunazidisha utando huo.

Jiki si suluhisho la kila kitu. Hufanya doa la jasho la njano likolee, na hula nyuzi za kuvutika. Kola na kwapa zilizogeuka njano loweka kwanza kwenye siki kama ilivyo swali la 8, suuza, kisha paka uji mzito wa magadi soda na maji, acha saa moja, sugua. Usivichanganye siki na magadi kwa pamoja, vinauana nguvu. Na usichanganye kamwe jiki na siki: hutoa gesi inayoumiza mapafu.

16. Masika yakiingia kabati lote linapiga koga. Nifanye nini?

Koga hufuata unyevu na uchafu. Nguo iliyovaliwa mara moja tu, ikatundikwa na jasho lake, ndiyo hushika kwanza na kuambukiza nyingine. Kabla ya mvua za Machi fua kila utakachohifadhi, bila wanga, na hakikisha mishono minene imekauka. Pasi huikausha vizuri, ila iache ipoe kabla ya kuikunja. Usifunge nguo kwenye mifuko ya plastiki zikiwa na uvuguvugu. Sogeza kabati inchi nne kutoka ukutani, na siku yoyote jua likichomoza fungua milango yake.

Madoa meusi yakishatokea, yapangusie nje ili vumbi lake lisibaki chumbani. Pamba nyeupe loweka kwenye lita nne za maji baridi zenye vijiko vinne vya chakula vya jiki, dakika kumi, kisha suuza sana. Ya rangi jaribu limau na chumvi ukiiweka juani, lakini anza sehemu iliyofichika, maana limau hupausha. Kufukiza udi kunaleta harufu nzuri na hakuzuii koga. Vidonge vya naftalini usiweke kwenye nguo za mtoto mchanga: watoto wenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, hali inayopatikana sana katika maeneo ya malaria, wanaweza kuharibikiwa damu kwa mvuke wake.

17. Madoa ya kwetu: dafu, manjano, utomvu, damu.

Maji ya dafu hayaonekani siku ya kwanza, yakikauka huwa kahawia na kukaa. Suuza papo hapo kwa maji baridi. Manjano ya pilau yakiguswa na sabuni huwa mekundu. Usiogope, fua na uanike juani nguo ikiwa mbichi, kwa siku mbili tatu mwanga utayafifisha. Damu ni maji baridi na chumvi, kamwe si ya moto. Mafuta paka sabuni ya vyombo kabla ya kulowesha. Utomvu wa mgomba na korosho ukishakauka hautoki: tia nguo hiyo rangi nyeusi au ifanye ya shamba.

18. Ni kweli nguo zikianikwa kwenye majani zinaingiza funza mwilini?

Ni kweli. Kuna inzi hutaga mayai kwenye nguo mbichi au mchanga wa kivulini, na funza wake huingia ngozini wakaleta uvimbe kama jipu. Anika juu ya kamba, juani, na nguo za watoto na za ndani zipige pasi ya moto kwenye mishono.

## Sare, familia na heshima

19. Sare za harusi zinanimaliza. Nitazikwepaje bila kuvunja undugu?

Hapa ndipo fungu la nguo la kina mama wengi wa Tanga linapoishia, na kitambaa kinavaliwa siku moja. Wahi kusema, kabla hesabu ya pisi haijafungwa. Maneno kama “Shangazi, rangi hiyo ninayo kabatini, pesa ya sare nitaitia kwenye mchango” hayamvunjii mtu heshima, kwa sababu pesa imefika palepale ilipohitajika. Ukiwa mmoja wa wapangaji, pendekeza doti ya kanga ya pamba badala ya kitambaa cha kumetameta, au pendekeza rangi badala ya kitambaa kimoja: kila mtu avae cha kijani alichonacho, na wasio nacho wanunue mtandio tu.

Sare ulizo nazo tayari zifumue. Gauni refu hutoa sketi na blauzi ya mtoto. Za kumetameta, ambazo hazifuliki kirahisi, kubaliana na dada na mawifi ziwe za kuazimana; wanne wenye umbo linalokaribiana wanaweza kupita msimu mzima hivyo.

20. Sare za shule hazifiki Juni.

Kaptula na sketi shonesha, usinunue zilizo tayari, na mwambie fundi aache pindo la sentimita nane na ubavuni sentimita mbili na nusu. Makalio ya kaptula yawe na kitambaa cha ndani maradufu tangu siku ya kwanza. Chagua mchanganyiko wa pamba na poliesta, hapa ndipo unafaa, maana haupauki haraka na haukunjiki. Shati jeupe liwe la pamba, nyumbani ligeuzwe ndani nje kabla ya kuanikwa. Pindo likiteremshwa mstari wa zamani utabaki; upakwe siki na upigwe pasi, na usipotoka shonea utepe juu yake. Mkiwa majirani wenye watoto wa shule moja, zinazobana mwezi wa Novemba zikusanyeni mbadilishane kabla ya Januari.

21. Mume wangu anaona mtumba ni aibu.

Mwonyeshe hesabu ya swali la 3 kwa shati lake mwenyewe, kisha anza na nguo isiyojulikana kama ni mtumba: shati jeupe la pamba, lililopunguzwa ubavu na kubadilishwa vifungo vyote. Vifungo vinavyolingana na pasi nzuri hubadilisha sura ya nguo kuliko bei yake. Asipokubali, mshoneshee. Fundi wa mtaani aliyelipwa vizuri ni njia ya haki sawasawa na mtumba.

## Nguo ikishafika mwisho

22. Ninaweza kuichoma?

Usichome poliesta, nailoni wala nguo zenye mpira. Moshi wake una sumu, na katika mitaa iliyobanana huingia kwa jirani. Pamba iliyoisha hukatwa tambara za jikoni na za deki. Ondoa vifungo na zipu kwanza uvitie kwenye kopo. Poliesta ikate vipande vidogo vya kujazia mito ya viti.

23. Nikitoa sadaka nguo zangu, si ndiyo njia bora?

Ni bora zikiwa zinavalika. Zifue, zishone, funga jozi pamoja, na mpe mtu unayemjua anahitaji nini: sweta la mtumba lisilovaliwa Chumbageni ni zawadi ya maana kwa mwanafunzi anayekwenda Lushoto. Kutoa zilizochanika ni kumpelekea mwenzako kazi ya kutupa.

24. Nina madera mengi ya poliesta. Niyatupe ninunue ya pamba?

Hapana. Yamekwisha kutengenezwa, na kuyatupa hakuondoi plastiki yake. Yavae wakati wa kusi, hewa inapokuwa ya baridi kidogo, na nyakati za jioni. Yafue mara chache, kwa maji baridi, bila kusugua sana, ili yaachie nyuzi kidogo. Usijaribu kuyatia rangi upya: rangi za unga zinazouzwa madukani hushika pamba, kwenye poliesta husafika zikatoka. Hata kwenye shati la pamba ulilolitia rangi, uzi wa kushonea ukiwa wa poliesta utabaki na rangi ya zamani, kwa hiyo chagua rangi ambayo mishono hiyo haitapingana nayo.